Hodi Tano Bila Karibu: Jinsi ya Kuchunguza Kompyuta Ndogo Isiyoamka kwa Njia ya Mtandao

Utangulizi

Walimu wa lugha tumezoea kusema "kompyuta imekataa". Sentensi hiyo ina kiima na kiarifu, na kisarufi haina kosa. Lakini fundi akiisikia hapati cha kufanyia kazi. Imekataa nini? Imekataa ikiwa imeshafika wapi? Ilikataa yenyewe au ilikataliwa? Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuchunguza kompyuta ndogo za maabara ya lugha ambazo huanza kazi kwa kupokea kila kitu kutoka kwenye seva, na yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya uchunguzi huo ni kazi ya lugha: kusikiliza mazungumzo, kutambua kauli ya mwisho, kisha kuisimulia bila kuruka hatua.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza, haya yanatuhusu nini sisi wa Idara ya Kiswahili? Yanatuhusu kwa sababu Kigali si Tanga wala Unguja. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, lakini wengi wa wanafunzi wetu wakitoka darasani hurudi katika Kinyarwanda. Kwa wengi wao, saa za kusikiliza maabarani ndizo saa pekee ambazo husikia wazungumzaji mbalimbali, wa Lamu, wa Bukavu, wa Dodoma. Maabara ikifungwa kwa wiki tatu, wanabaki na Kiswahili cha mwalimu mmoja. Na fundi wa chuo ni mmoja, majengo ni mengi. Mara nyingi anayesimama mbele ya skrini nyeusi, wanafunzi ishirini wakimtazama, ni mwalimu wa lugha.

1. Bodi ni chombo gani?

Bodi tunayoizungumzia ni kompyuta kamili iliyopangwa juu ya kipande kimoja cha sakiti, na nyingine hazizidi ukubwa wa kadi ya benki. Inayofahamika zaidi mashuleni na vyuoni ni Raspberry Pi, iliyobuniwa Uingereza na kuanza kuuzwa Februari 2012. Pi 3 B ilitoka mwaka 2016, Pi 3 B+ mwaka 2018 na Pi 4 mwaka 2019. Zote hutumia mfumo wa Linux. Mifano mingi ya makala haya imetolewa kwenye bodi hizo, ingawa kanuni zake zinafaa pia kwa bodi za aina nyingine.

Kwa kawaida bodi huhifadhi mfumo wake kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, kama ile ya simu. Njia hiyo ina matatizo yake. Umeme ukikatika bodi ikiwa inaandika, mafaili huharibika. Kadi huchomolewa na kupotea. Aidha, ukitaka kuongeza kamusi moja kwenye bodi ishirini, itakubidi ushike kadi ishirini. Ndiyo maana maabara nyingi huchagua njia nyingine: mfumo wote hukaa kwenye seva moja, na kila bodi huuomba kwa kupitia kebo ya mtandao kila inapowashwa.

Njia hii si ngeni. Taratibu zake zilibuniwa kabla ya wanafunzi wetu wengi kuzaliwa. TFTP, utaratibu wa kupeleka mafaili kwa njia nyepesi, ni wa mwaka 1981. NFS, unaoiwezesha kompyuta kutumia folda ya kompyuta nyingine kana kwamba ni yake, ulianzishwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. BOOTP, wa kuomba anwani, ni wa mwaka 1985, na mrithi wake DHCP alifuata mwaka 1993. Faida ya njia hii ni kwamba ukirekebisha seva umerekebisha darasa zima. Hasara yake ni kwamba seva ikinyamaza, darasa zima linanyamaza.

2. Mazungumzo yenyewe

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Katika makala haya, kuwaka ni kupata umeme. Kuamka ni kuufikia mfumo wa Linux na kuonyesha skrini ya kuingilia, jambo ambalo mafundi huliita kubuti. Taa nyekundu ikionekana, bodi imewaka. Haijaamka bado. Kutoka kuwaka hadi kuamka kuna hatua tano.

Hatua ya kwanza ni hodi. Bodi inapopata umeme haina anwani, wala haijui seva iko wapi. Inajua namba zake mbili tu: namba ya kadi yake ya mtandao, yaani MAC, yenye tarakimu na herufi 12, na namba yake ya utengenezaji. Kwa hiyo inafanya kama mgeni aliyefika kwenye boma asilolijua: inapaza sauti ili wote waliomo mtandaoni wasikie.

Hatua ya pili ni karibu. Seva ya DHCP inajibu kwa kutoa anwani, bodi inasema inaitaka, seva inathibitisha. Pamoja na hodi yenyewe, ni kauli nne. Ndani ya karibu hiyo, seva pia huitajia bodi ni nani wa kuombwa mafaili.

Hatua ya tatu ni kuomba mafaili kwa TFTP. Pi 3 huomba bootcode.bin, kisha start.elf, config.txt, cmdline.txt na kerneli, ambayo ndiyo moyo wa Linux. Pi 4 haihitaji lile la kwanza kwa kuwa tayari inalo ndani yake, na badala ya start.elf huomba start4.elf.

Hatua ya nne ni kerneli kushika usukani. Hapa pana jambo linalowashangaza wengi: kerneli hairithi anwani iliyopatikana mwanzo. Ikiwa imeelekezwa kutumia DHCP, hubisha hodi yake yenyewe, upya. Ndiyo maana kwenye kumbukumbu za seva utaona bodi moja ikikaribishwa mara mbili au zaidi.

Hatua ya tano ni kerneli kuifungua folda ya mfumo iliyoko kwenye seva kwa NFS. Ikifunguka, programu zinaanza, skrini inatokea, na mwanafunzi anavaa vifaa vya kusikilizia.

3. Kanuni moja: tafuta kauli ya mwisho

Abiria aliyeondoka Nyabugogo kwenda Huye asipofika, ndugu zake hawaanzi kumtafuta Nyabugogo. Wanauliza alionekana wapi mara ya mwisho. Ikiwa alionekana Muhanga, basi safari ya Kigali hadi Muhanga haina shida, na Huye haihusiki bado. Watamtafuta kuanzia Muhanga kwenda mbele. Bodi nayo ni hivyo hivyo. Anayebadilisha kebo wakati bodi imeshapokea kerneli anapoteza muda, kwa sababu kerneli imepitia kebo hiyo hiyo.

Kauli ya mwisho hupatikana katika mahali pane. Pa kwanza ni taa za tundu la mtandao: zikiwa zimezimika kabisa, hapajawa na mazungumzo yoyote. Pa pili ni skrini. Pi 4 isipopata kadi huonyesha ukurasa wa uchunguzi wenye namba yake, anwani iliyopata na faili inaloliomba, kwa hiyo unganisha skrini kabla ya kuiwasha.

Pa tatu ni waya wa siriali. Huu ni waya wa bei nafuu unaounganisha pini za bodi na kompyuta yako ili usome kila neno ambalo bodi inalisema hata kama skrini haijawaka. Mwendo wa kawaida ni 115200. Waya wa kutuma wa upande mmoja uingie kwenye pini ya kupokea ya upande wa pili, na waya wa ardhi uunganishwe kwa ardhi. Kwenye Raspberry Pi andika enable_uart=1 ndani ya config.txt. Tahadhari: pini hizo ni za volti 3.3. Waya wa volti 5 unaweza kuiua bodi nzima.

Pa nne, na penye faida kubwa kuliko pote, ni kwenye seva yenyewe. Seva nyingi ndogo hutumia programu iitwayo dnsmasq, inayotoa anwani na mafaili kwa pamoja. Ukiongeza mstari log-dhcp katika mipangilio yake, itaandika kila hodi na kila karibu. Usipoziamini kumbukumbu zake, amri tcpdump -i eth0 port 67 or port 68 or port 69 itakuonyesha maombi yenyewe yakiingia (badilisha eth0 uweke jina la kadi ya mtandao ya seva yako). Milango 67 na 68 ni ya DHCP, na 69 ndio wa kuombea mafaili.

4. Bodi ilipokwama

4.1 Kimya kabisa, hata hodi haisikiki

Anza na umeme na kebo. Adapta ya simu ya kawaida yaweza kuiwasha taa lakini isitoshe kuiendesha bodi. Hamishia bodi kwenye kebo na tundu la jirani yake ambayo inafanya kazi. Ikiamka, bodi ni nzima.

Isipoamka hata hapo, chunguza kama imeruhusiwa kutumia mtandao. Pi 3 B hutoka kiwandani ikiwa haijaruhusiwa. Inabidi kuiwasha mara moja kwa kadi yenye mstari program_usb_boot_mode=1 ndani ya config.txt, na ruhusa hiyo huchomwa ndani yake daima. Ili kuhakiki, toa amri vcgencmd otp_dump | grep 17: na jibu linalotakiwa ni 17:3020000a. Pi 3 B+ hutoka tayari. Pi 4 hufuata mpangilio uitwao BOOT_ORDER, ambao husomwa kutoka kulia kwenda kushoto: 0xf21 maana yake jaribu kadi kwanza, kisha mtandao, kisha rudia tangu mwanzo. Tarakimu 2 isipokuwemo, bodi haitabisha hodi kamwe.

4.2 Inabisha hodi, haikaribishwi, au inakaribishwa na mwingine

Ikiwa hodi inaonekana kwenye seva lakini karibu haitoki, tazama kama dnsmasq inafanya kazi na kama anwani za kugawa zimekwisha. Maabara iliyotengewa anwani 20 haitoshi pindi wageni wanapochomeka kompyuta zao humo humo.

Tatizo gumu zaidi kulitambua ni wenyeji wawili. Ruta iliyoletwa na kampuni ya intaneti nayo hugawa anwani. Bodi ikibisha hodi, wote wawili wanaitikia, na ruta mara nyingi huwahi. Bodi inapata anwani halali kabisa, lakini ruta haina mafaili wala haijui yalipo. Dalili yake ni kwamba bodi zile zile leo zinaamka, kesho haziamki. Zima ugawaji wa anwani kwenye ruta, au itenge maabara kwenye swichi yake yenyewe. Ikiwa huruhusiwi kuigusa ruta, dnsmasq inaweza kupangwa kuwa msaidizi: ruta igawe anwani, yenyewe iongeze habari za mafaili tu.

Pi 3 pia hungoja kusikia maneno maalumu ndani ya karibu: Raspberry Pi Boot, herufi kwa herufi. Yakikosekana, anwani imetolewa lakini bodi haitaomba faili lolote.

4.3 Anwani ipo, mafaili hayaji

Hapa tofautisha kunyimwa na kutojibiwa. Kunyimwa ni jibu: seva imesema faili halipo. Tafuta jina. Raspberry Pi kwanza huomba mafaili ndani ya folda yenye jina la tarakimu nane za mwisho za namba yake ya utengenezaji, na isipoyapata humo huyaomba kwenye folda kuu. Ombi la kwanza likinyimwa usiwe na wasiwasi, tazama ombi linalofuata. Kumbuka pia kwamba Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na kwamba faili lililopo lakini lisiloruhusiwa kusomwa na wote halitatolewa.

Kutojibiwa ni kimya. Bodi za aina nyingine, kama BeagleBone, hutumia programu ya kuamshia iitwayo U-Boot, ambayo huandika alama ya # kwa kila fungu la data linalopokewa, na herufi T kila subira inapokwisha bila jibu. Safu ya T T T T ni sawa na mtu anayeita bila kuitikiwa. U-Boot ina amri ya ping, na ikifaulu huandika kwamba seva "is alive", yaani yu hai. Seva ikiwa hai lakini mafaili hayaji, mshuku mlinzi wa milango, yaani fayawoli. Kufungua mlango wa 69 peke yake huenda kusitoshe: ombi huingia kwa mlango huo, lakini mafaili hupitia mlango mwingine unaochaguliwa papo hapo. Kwenye mtandao wa maabara uliotengwa, njia rahisi ni kuziruhusu anwani zote za maabara.

4.4 Kerneli imefika, kisha ikafa

Dalili ni maandishi mengi yanayopita haraka, na mwisho kauli yenye maneno "Unable to mount root fs", yaani haikuweza kuifungua folda ya mfumo. Watu wengi hukata tamaa hapa kwa kuwa skrini inatisha. Kumbe hii ni habari njema: hatua tatu zimepita salama. Fungua cmdline.txt. Mstari wake uwe na maneno ya namna hii, yote kwenye mstari mmoja:

root=/dev/nfs nfsroot=192.168.10.1:/nfs/maabara,vers=3,tcp ip=dhcp rootwait

Maneno vers=3 na tcp yasiachwe. Kerneli nyingi zisipoambiwa hujaribu toleo la 2 la NFS, ambalo seva za miaka ya karibuni zimeacha kulikubali. Hivyo seva ikiwekewa mfumo mpya wakati wa likizo, bodi zilizoamka vizuri muhula uliopita hazitaamka, ingawa hakuna aliyezigusa. Hakikisha pia kwamba folda imetajwa katika faili la /etc/exports kwenye seva, pamoja na ruhusa ya no_root_squash, na kwamba umetoa amri exportfs -ra baada ya kulibadilisha.

4.5 Imeamka, lakini ni mgonjwa

Raspberry Pi za mwanzo hadi Pi 4 hazina saa inayoendelea kutembea umeme ukizimwa. Bodi ikiamka na tarehe ya zamani, tovuti salama zitaikataa, kwa kuwa vyeti vyake vitaonekana havijaanza kutumika. Iwezeshe seva kutoa saa kwa maabara nzima. Ugonjwa mwingine ni bodi ishirini kuandika kwenye folda moja: mipangilio ya mwanafunzi mmoja inafuta ya mwenzake. Folda ya mfumo iwe ya kusomwa tu, na maandishi ya muda yakae kwenye kumbukumbu ya bodi yenyewe. Kazi za wanafunzi ziwe na folda yake, mbali na mfumo.

5. Umeme ukirudi

Sasa tuje kwenye tukio linalozifanya maabara nyingi zidhaniwe zimekufa. Umeme unakatika saa saba mchana na kurudi baada ya dakika kumi. Saa nane mwalimu anaingia na kukuta taa nyekundu ishirini na skrini nyeusi ishirini. Seva inafanya kazi na kebo zote zipo. Nini kimetokea?

Pi 3 B hubisha hodi mara tano, kila baada ya sekunde 5. Jumla ni sekunde 25. Isipokaribishwa katika muda huo, hunyamaza na kulala, na haitabisha tena hadi ikatiwe umeme na kurudishiwa. Kwa upande mwingine, seva ya kawaida huhitaji dakika moja au zaidi ili iwe tayari. Umeme ukirudi kwa wote kwa wakati mmoja, bodi zinabisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe hajaamka. Mwenyeji anapofungua mlango, wageni wamekwisha kulala nje.

Swichi nayo inaweza kuleta hali hiyo hiyo hata umeme usipokatika. Swichi nyingi za vyuoni, kila tundu linapoamka, huchunguza kwanza kama hakuna mzunguko wa kebo, na kwa mpangilio wa zamani uchunguzi huo huchukua sekunde 30 kabla ya kuruhusu neno lolote kupita. Sekunde 30 ni zaidi ya 25. Hodi zote tano zinaishia kwenye swichi, na seva haisikii hata moja. Mwombe msimamizi wa mtandao ayapange matundu ya maabara yaruhusu mara moja. Kwa swichi nyingi mpangilio huo huitwa portfast.

Tiba ya umeme ni rahisi. Seva na swichi ziwekwe kwenye UPS, ili zisizimike kwa mikato mifupi. Bodi zote ziwe na swichi moja ya ukutani, na baada ya umeme kurudi izimwe, mwalimu angoje dakika tatu, kisha aiwashe. Karatasi yenye maneno hayo ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili. Kwa Pi 3 B kuna dawa nyingine: kadi ndogo yenye faili moja tu la bootcode.bin, ambalo huendesha utaratibu wa kubisha hodi kwa toleo lililorekebishwa.

6. Ripoti yenye -ka-

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili ana kitu ambacho fundi anakihitaji. Linganisha ripoti mbili:

(a) Bodi ya 7 imeharibika.
(b) Bodi ya 7 iliwaka, ikabisha hodi, ikapewa anwani na ruta, ikaomba start.elf, haikujibiwa.

Ripoti (a) inatumia -me-, inayoeleza hali iliyopo sasa na kuificha njia iliyotufikisha hapo. Ripoti (b) inatumia -li- mara moja na kisha -ka-, kiambishi cha matukio yanayofuatana. Kila -ka- ni kituo kimoja kilichopitwa salama. Palipoingia kikanushi ndipo kwenye tatizo. Fundi akisoma (b) akiwa jengo lingine, tayari anajua aanzie wapi.

Tazama pia kitenzi cha kutendwa. "Ikapewa anwani" haitoshi, kwa sababu mtoaji amefichwa. "Ikapewa anwani na ruta" inamtaja, na katika mfano wetu neno "ruta" ndilo jibu la fumbo lote: aliyekaribisha siye aliyetakiwa kukaribisha. Vilevile "ilinyimwa" na "haikujibiwa" si visawe. La kwanza linatupeleka kwenye jina la faili, la pili linatupeleka kwenye fayawoli.

Kinyarwanda huiita kompyuta mudasobwa, neno lenye maana ya kisichokosea. Wanafunzi hucheka maabara inapogoma, wakisema jina limedanganya. Lakini tukiyafuata mazungumzo hadi kauli ya mwisho, mara nyingi tunakuta bodi ilifanya sawasawa kila ilichoagizwa: ilibisha hodi kwa zamu zake, ikangoja muda wake, ikanyamaza.

Zoezi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili: kila mmoja aiwashe bodi yenye tatizo lililopandwa na mwalimu, kwa mfano kebo iliyolegezwa, jina la faili lililobadilishwa herufi moja, au vers=3 iliyoondolewa. Aandike ripoti ya sentensi moja yenye -ka- na kikanushi kimoja. Mwenzake, bila kuiona bodi, aisome na kutaja tatizo. Asipoweza kulitaja, ripoti irudi kwa mwandishi.

Hitimisho

Tumeona kwamba bodi huamka kwa mazungumzo ya hatua tano, kwamba kila hatua ina namna yake ya kukwama, na kwamba uchunguzi huanza pale kauli ya mwisho iliposikika. Tumeona pia kwamba bodi nyingi zinazodhaniwa zimekufa ni nzima, na zinahitaji kuzimwa na kuwashwa upya baada ya seva kuwa tayari. Bodi inayorudishwa kabatini kwa sababu ya ripoti ya maneno mawili ni kiti kimoja kinachopungua katika somo la kusikiliza. Tunashauri kila maabara iwe na daftari moja karibu na mlango, lenye safu tatu: namba ya bodi, tarehe, na sentensi moja yenye -ka-. Baada ya muhula mmoja daftari hilo litamfaa fundi kuliko simu kumi, na mwalimu wa sarufi atapata humo mifano hai ya kufundishia.